Mifupa Nje, Jina Ndani

Kuna saa za mkononi ambazo haziridhiki kukuonyesha wakati, zinakupigia. Unasukuma kidude kilicho ubavuni, na ndani ya kijumba kinachotoshea kwenye kiganja nyundo mbili ndogo zinaanza kazi. Sauti nene inahesabu masaa. Mapigo mawili mawili, nyembamba na nene, yanahesabu robo. Sauti nyembamba peke yake inamalizia dakika zilizobaki. Mafundi huiita ripita ya dakika. Ukiisukuma ikiwa 12:59, jipange kungoja: mapigo 12 ya masaa, robo 3 za mapigo mawili mawili, kisha dakika 14. Jumla 32, moja baada ya jingine, bila kuharakishwa.

Sasa chukua saa hiyo hiyo uiondoe uso. Chukua msumeno mwembamba kama uzi, ukate bamba la chini, ukate vile vibamba vinavyoshikilia magurudumu, mpaka kibaki kile tu kinachozuia mashine isianguke. Hiyo ndiyo skeletoni, saa ya mifupa nje. Ukiweka vitu hivyo viwili pamoja, sauti na mifupa, unapata saa ambazo bei yake hutamkwa polepole. Nyingi zinapita dola 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10 zetu. Hiyo ni nyumba, ploti, na chenji ya kuanzisha biashara.

Naandika haya nikiwa Kisii mjini, na shughuli zangu hunipeleka Nyamira karibu kila wiki. Huku sijaona duka linalouza saa hizo. Nimezijua vile wengi wetu tunavyojua vitu vya bei hiyo: usiku, kwenye simu, waya masikioni, bando likielekea kuisha. Lakini hata anayehakiki filamu hamiliki studio. Picha za karibu zipo, sauti ipo, na masikio ninayo. Kwa hivyo nina haki ya kuuliza swali ambalo wenye saa hizo huwa hawaliulizi kwa sauti: hii ni sanaa, ama ni urembo wa gharama?

Na sijaja mikono mitupu. Kipimo changu ninakitoa Tabaka, Mugirango Kusini, ambako watu wamekuwa wakikata mawe na kuyatoboa tangu kabla ya babu zetu. Mtu wa Tabaka anajua jambo moja ambalo kila mchonga skeletoni analijua: ukishaondoa, huwezi kurudisha. Udongo unaongezwa, rangi inaongezwa, wimbo unaongezwa beti. Jiwe na chuma vinapunguzwa tu. Sanaa ya kupunguza inahukumiwa kwa kilichobaki, na kwa sababu ya kila tundu.

Tuanze na giza, maana saa hii ni mtoto wa giza. Kabla ya stima, mtu aliyeamka usiku wa manane Ulaya hakuwa na njia rahisi ya kujua kumebaki muda gani kuche. Kuwasha mshumaa kulikuwa kazi. Mafundi wa Uingereza wakatafuta dawa: saa inayokujibu ukiiuliza. Mwaka 1687 Mfalme James wa Pili aliletewa saa mbili za aina hiyo azipime, moja ya Edward Barlow na nyingine ya Daniel Quare. Akaipendelea ya Quare. Zamani hizo zilipiga masaa na robo tu, kwa kengele. Mwaka 1783 Breguet, kule Paris, akaondoa kengele na kuweka waya wa chuma, na saa ikawa nyembamba ikabaki na sauti. Mwaka 1892 kampuni ambayo leo tunaiita Omega ikatoa ripita ya dakika ya kuvaliwa mkononi.

Kwa hivyo mwanzoni kabisa hiki kilikuwa kifaa cha mtu asiyeona. Sauti ilikuwepo kwa sababu macho hayakuweza. Halafu stima zikaja, na siku hizi hata zikipotea Nyamira nzima, mtu anabonyeza simu tu na uso wake unawaka. Kazi ya ripita imeisha. Imebaki sauti bila sababu, na kitu kikishapoteza kazi yake kinaweza kwenda njia mbili: kinakuwa takataka, au kinakuwa sanaa. Ngoma ya kuita watu kijijini ilipita njia hiyo hiyo. Hakuna anayeihitaji kutangaza baraza, na bado ikipigwa harusini miguu haitulii.

Lakini hapa ndipo skeletoni inaleta utata. Chombo kilichozaliwa ili kisikike gizani sasa kimekatwa ili kitazamwe mchana. Sauti ya kipofu na mwili wa maonyesho vimefungwa kwenye mkono mmoja. Je, vinasaidiana, au kila kimoja kinamwibia mwenzake msikilizaji? Nadhani hilo ndilo swali la kuuliza kila saa ya aina hii. Bei itajiuliza yenyewe.

Kabla sijalijibu, kuna jambo la lugha. Saa hizi zina lafudhi. Saa moja asubuhi, wakati watoto wa Keroka wanakimbilia shule wengine upande wa Kisii na wengine upande wa Nyamira, ripita inapiga mara 7. Yenyewe inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Sisi tunaanza jua linapochomoza, na tukaanza tena linapozama. Wasabato, na huku kwetu ni wengi, bado hupokea siku yao jua likitua Ijumaa, si saa sita usiku. Halafu kuna suala la kasoro. Kiswahili kinaweza kutazama mbele: tunasema saa nne kasorobo, kwa maana macho yetu tayari yako kwenye saa nne. Ripita haijui kasoro. Inajua kujumlisha tu: 9, halafu robo, robo, robo. Ni mashine yenye kumbukumbu nzuri na isiyo na matarajio.

Nilimpelekea sauti hiyo fundi mmoja wa saa karibu na Daraja Mbili, mzee anayekaa nyuma ya kijisanduku cha kioo, lenzi jichoni, akibadilisha betri na kufupisha mikanda ya saa za mtumba. Nilimwekea rekodi kwenye simu, nikageuza kioo asione chochote.

Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Nene, nene, nene, mpaka 9. Kisha jozi 3. Kisha kimya.

“Saa nne kasorobo,” akasema.

“Umejuaje, mzee? Imepiga tisa.”

“Imepiga tisa, mimi nimesikia nne. Hata redio ya Kiingereza ukiisikiliza miaka yote hiyo, unatafsiri bila kufikiri.”

Nikacheka, lakini jibu lake limekaa nami. Saa hiyo inaambiwa ni ya dunia nzima, eti muziki hauna mipaka. Kumbe ili ituambie wakati, ni sisi tunaofanya kazi ya ziada. Hakuna ubaya. Ila mhakiki anayeisifu kama sauti safi ya wakati wenyewe hajaketi na mzee wa Daraja Mbili.

Turudi kwenye swali la matundu. Nenda Tabaka leo utakuta, kati ya sahani na vishikio vya mishumaa na seti za chesi, umbo moja linalorudiwa na kila mtu: familia. Baba, mama na watoto wametoka kwenye jiwe moja, mikono imezungukana, katikati kuna uwazi. Ni umbo la kawaida mno hata tumeacha kuliona. Hebu liangalie tena kama mtu wa saa. Kila tundu linadhoofisha jiwe. Mkono wa mama ukikatwa mnene, familia inaonekana gunia. Ukikatwa mwembamba mno, unavunjika kwenye mkungu wa gari kabla ya Nairobi. Mchongaji anatafuta ule unene wa mwisho ambao bado unabeba. Na kabla hajaanza, nimeona mmoja akiligonga jiwe kwa mgongo wa panga, akitega sikio. Jiwe zima hulia. Lenye ufa ndani hujibu kwa sauti iliyokufa, kama anayegonga gogo bovu. Yaani Tabaka sikio linatangulia jicho. Ukiruka hatua hiyo, utakata wiki nzima jiwe ambalo lilikuwa limeshakuambia hapana.

Kwa kipimo hicho, skeletoni nyingi zinaanguka. Ninazoziona kwenye simu zimekatwa maua, majani, mizunguko juu ya mizunguko, na matundu hayo hayana la kusema kuhusu mashine iliyo chini. Ni kazi ya mkono yenye subira ya kutisha, sikatai. Zile kona za ndani, mahali ambapo kingo mbili zilizonolewa zinakutana kama mshono, mashine haiwezi kuzimaliza vizuri. Ni faili, na kijiti cha mti, na mtu. Lakini subira peke yake si hoja. Mtu anaweza kuchonga majani kwenye mkono wa yule mama wa Tabaka mpaka usionekane kuwa mkono, na hatutamsifu kwa muda aliopoteza. Hizo saa ukiziangalia huoni mashine vizuri zaidi. Unaona pazia la matundu mbele ya mashine.

Kuna moja lakini inayopita mtihani, na inapita kwa uchache. Mwaka 2016 Bulgari walitoa ripita ya dakika katika familia yao ya Octo Finissimo. Mashine yake ina unene wa milimita 3.12, na saa nzima, pamoja na kijumba, ni milimita 6.85. Ilitengenezwa kwa titani, madini mepesi yanayopitisha sauti kuliko dhahabu. Uso wake ni wa kijivu, mtupu, karibu wa kinyonge. Alama za masaa hazikupakwa wala kubandikwa. Zimekatwa, zimepita upande wa pili. Ukiitazama haraka unadhani ni mtindo tu. Lakini zile nafasi ni njia. Sauti inatokea hapo. Huyu amekata ili saa isikike, na hapo hapo tundu limekuwa namba ya kusomea. Jicho na sikio vinakula sahani moja. Si skeletoni kamili kwa maana ya wakereketwa, mifupa mingi bado imefichwa, na kwangu ndiyo yenye akili kuliko zile zilizovuliwa zote. Mchonga familia angeielewa bila kuelezwa.

Kwa upande wa sauti, huku kwetu tuna kipimo kingine: obokano. Kama hujawahi kukaa karibu nayo, ni zeze kubwa la Abagusii, nyuzi 8, bakuli la mti lililowambwa ngozi, kubwa kiasi kwamba mpigaji anaonekana kama amekumbatia mtoto wa ng'ombe. Sauti yake ni nzito na ina mvumo, mngurumo fulani wa nyuki unaoambatana na kila noti. Mgeni anaweza kudhani kuna kitu kimelegea. Hakuna kilicholegea. Mvumo ndio utamu wenyewe. Ukiuondoa umebaki na nyuzi tu.

Watengeneza saa wanaenda njia ya kinyume kabisa. Ndani ya kila ripita kuna kifaa kinachozuia nyundo zisipige haraka kupita kiasi. Mafundi wanakiita gavana. (Ndiyo, gavana. Huyu anafanya kazi kila ukimwita, na hana msafara.) Gavana akizunguka ana sauti yake, mvumo mdogo chini ya mapigo, na kwa vizazi vingi mafundi wamepambana kumnyamazisha. Audemars Piguet walipoonyesha Supersonnerie yao mwaka 2015, baada ya miaka ya utafiti na taasisi ya teknolojia ya Lausanne, sehemu ya ushindi wao ilikuwa hiyo: gavana aliyenyamaza. Sehemu nyingine ilinivutia zaidi. Waliacha kufunga zile waya za kupigwa kwenye bamba la mashine, wakazifunga kwenye utando mwembamba unaotetemeka, kama mbao ya gitaa. Kwa maneno mengine, baada ya karne za kuipa saa nyundo, waliipa mwili wa ala. Aliyewamba ngozi kwenye bakuli la obokano hakuhitaji maabara kujua kwamba uzi peke yake hauimbi. Kinachoimba ni kile ulichofungwa juu yake.

Siwacheki. Kufanya hivyo kwenye kitu kinachokaa mkononi ni kazi ngumu ya ajabu, na sauti ya Supersonnerie ni kubwa na wazi, hata kupitia simu yangu unaisikia imesimama kifua mbele. Lakini nikizisikiliza rekodi za zamani, zile ambazo gavana bado anavuma, mimi napenda zile. Ndani ya mvumo unasikia kwamba kuna kitu kinajitahidi. Usafi mwingi unafanya mapigo yasikike kama mlio wa simu, na mlio wa simu tayari tunao.

Patek Philippe wana desturi: rais wa kampuni mwenyewe husikiliza kila ripita kabla haijatoka mlangoni. Yenye sauti isiyompendeza inarudi kwa fundi. Ninaiheshimu desturi hiyo kuliko vito na platini yote, kwa sababu inakubali kwamba mwisho wa hesabu zote kuna sikio la mtu. Huo ni uhakiki. Ni kile kile cha panga na jiwe.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Yule fundi wa Daraja Mbili, alipomaliza kuhesabu, aliuliza: “Nani ametengeneza?”

Nikamsomea jina la kampuni.

“Hilo ni jina la duka,” akasema. “Nimeuliza nani.”

Sikuwa na jibu. Tulipekua video hiyo yote. Tuliona kila gurudumu, kila nyundo, kila skrubu ya rangi ya samawati. Saa ilikuwa uchi mpaka aibu. Ila mtu aliyeshika msumeno, yule aliyekaa miezi akinoa kona za ndani, hakutajwa. Saa inayojisifu kwamba haifichi kitu ilikuwa imeficha kitu kimoja, na ndicho mzee alichokitaka. Wapo waliokataa mtindo huo. Philippe Dufour, fundi wa Uswisi, alitoa mwaka 1992 saa ya mkononi inayopiga masaa na robo yenyewe bila kuombwa, na jina lililo usoni ni lake. Lakini yeye ni mmoja, na watu wanamzungumzia kama miujiza.

Na huku? Huku hata jina la duka hatuna. Jiwe la Tabaka linaposafiri linaitwa sanaa ya Kenya, jiwe la Kisii, zawadi kutoka Afrika. Tunaye Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani anasimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris na jina lake linajulikana. Ni mmoja pia. Mama yangu mdogo ameolewa Tabaka, na kwa miaka mingi amepiga msasa. Wanaume wanachonga, wanawake wanasugua jiwe ndani ya maji, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka ule mng'aro utokee ambao mnunuzi anaupapasa kwanza kabla hajauliza bei. Yaani mkono wa mnunuzi unakutana na kazi yake kabla ya kazi ya mchongaji. Niliwahi kumuuliza kama anaweza kuitambua familia aliyoisugua akiikuta Nairobi. Akaniangalia kama nimeuliza kama anawajua watoto wake. “Wewe ukiandika barua huijui?” Kisha akarudisha mikono kwenye beseni.

Wapenzi wa saa huandika kurasa nzima kuhusu pembe moja ya chuma yenye upana wa unywele. Wamejenga msamiati, wanabishana, wanajua kazi ya karakana hii na ile. Uangalizi huo umesaidia kujenga bei kuliko dhahabu ilivyosaidia. Sisi tunapita kando ya barabara, mahali ambapo watu wanaamua unene wa mwisho wa mkono wa mama kwa jicho tupu, na neno letu la uhakiki ni moja: “Punguza.” Nikisema hivyo simaanishi jiwe liuzwe milioni 10. Namaanisha kwamba kazi isiyozungumziwa kwa umakini inauzwa kwa kilo, na kijana wa Tabaka mwenye mkono mzuri analijua hilo kabla hajamaliza shule, kisha anaamua maisha yake ipasavyo. Boda inalipa kila jioni.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii. Ripita ya mifupa nje ni sanaa pale tundu linapohudumia sauti, na ni urembo pale tundu linapojihudumia lenyewe. Na hata ile bora kabisa inabaki na deni la jina. Deni hilo Tabaka tunaweza kulilipa kesho asubuhi bila utafiti wa Lausanne, maana jiwe letu ni laini. Linakwaruzwa kwa msumari. Ukinunua familia, bakuli, hata kishikio cha mshumaa, muulize anayekuuzia nani alichonga na nani alisugua, halafu geuza jiwe uyaandike majina yote mawili chini. Kama hajui, mwambie utangoja aulize.